Mshabiki wa Bunduki

Walisema bunduki hazitakuja. Walisema mzee wa kudunga ng'ombe sindano, asiye na hata baiskeli ya kwake, hataweza kuifanya serikali isome barua yake, sembuse kuijibu. Walisema atachekwa Garsen, atachekwa Hola, kisha atarudi kijijini soli za viatu zikiwa zimekwisha. Katika yote hayo walipatia moja tu. Alichekwa kweli, lakini ni kwa sababu yeye mwenyewe alitaka watu wacheke.

Nawajua vizuri watu wa kusema fulani hataweza, maana walianzia kwangu. Nilipoondoka hapa na mashati mawili, walisema nitarudi juu ya lori la maembe. Nimerudi na stashahada ya afya ya mifugo niliyoisomea Mombasa, na miaka sita ya kazi Saudia kwenye zizi lenye ng'ombe wengi kuliko lokesheni yetu nzima. Nikafungua duka la dawa za mifugo Garsen, lenye friji ya sola ya kuhifadhia chanjo, la kwanza kwa mtu wa hapa. Sikumwinamia mwanasiasa, sikuoa kwa tajiri. Majivuno yamo katika maneno haya, sikatai, lakini nayasema ili ieleweke kwamba mtu ninayemweleza hakuwa mfadhili wangu wala bosi wangu. Sikuwa na haja naye. Nilimpenda bila haja, na kwangu mimi hilo ni jambo la nadra.

Tulimwita Daktari, ingawa hakuwa na cheti hata kimoja. Alianza kwa kumbebea mkoba afisa wa mifugo, na afisa alipostaafu, mkoba ukabaki begani mwake. Alivaa koti la kijivu wakati wa jua na wakati wa mvua, mifuko yake imejaa kamba, sindano na tumbaku. Alizungumza Kipokomo, Kiorma, Kiswahili na Kisomali cha sokoni, na katika lugha zote nne alijua kwanza matusi, kisha dua, kisha majina ya magonjwa. Kabla ya kumdunga ng'ombe alimuuliza mwenye mali jina la ng'ombe huyo, akamwita kwa jina lake na kumwomba radhi. Nilimwambia siku moja kwamba chuoni hatukufundishwa kuomba radhi.

"Ndiyo maana wanakupiga mateke, Bwana Diploma," akanijibu.

Hilo ndilo jina alilonipa, na hata leo nina wateja wasiolijua jingine. Alinunua chanjo kwangu kila wiki, akaitia kwenye sanduku lake la barafu pamoja na chupa ya chai ya moto. Nilimkaripia kama mtaalamu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kikiwa upande, kisha akasema chai yake na dawa yangu zimekaa sanduku moja miaka mingi na hazijapigana, kwa hiyo niwaite watu wa semina za amani waje wajifunze kwake. Nilicheka, na sanduku likaenda hivyo hivyo. Nakiri kuwa ng'ombe wake wengi walipona.

Kwa msomaji asiyeijua nchi hii, nieleze habari ya bunduki. Kando ya mto wanakaa wakulima, wengi wao Wapokomo, wenye mahindi, ndizi na mpunga. Huko nyikani wanakaa wafugaji, Waorma, na ng'ombe wao hawana budi kunywa maji ya mto huo huo. Njia ya ng'ombe inayopita katikati ya mashamba kwenda majini inaitwa malka. Malka ikiwa wazi, watu huuziana maziwa na mahindi na kuulizana habari za watoto. Ikizibwa, au ng'ombe wakiiacha njia wakaingia mahindini, watu hufa. Imekuwa hivyo tangu nipate akili, na katika yote niliyosoma sijaona dawa yake.

Kijiji cha Daktari kiko ng'ambo ya mto, upande wa kwenda Wema. Kiliwahi kuwa na homgadi, yaani raia wanaopewa bunduki za serikali ili walinde kwao. Baadaye bunduki zikachukuliwa. Daktari alitaka zirudi, na jambo hilo hakulificha mbele ya mtu yeyote, awe mkulima, mfugaji, shehe au mgeni wa Nairobi.

Watu walimshambulia kwa hilo, naye hakumjibu hata mmoja kwa ukali. Kulikuwa na semina katika hoteli moja hapa Garsen, soda mezani na fulana zimeandikwa neno amani kifuani. Msichana aliyekuwa akiendesha kikao, mpole na mwenye nia njema, alimuuliza mbele ya watu kama hajui kuwa penye bunduki hapana amani. Daktari alisimama, akavuta koti lake chini, akaelekeza kidole mlangoni. Pale nje alisimama askari aliyeletwa kuwalinda wageni, bunduki begani.

"Mwanangu, mwite yule kijana aje ale pilau na sisi," akasema. "Bunduki aiache jikoni mpaka jioni. Mkikubali hivyo, mimi ni wa kwanza kutia sahihi."

Ukumbi mzima ulicheka, na msichana mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho. Askari naye alichungulia ndani kujua kuna nini. Hakuna aliyekwenda kumwita.

Shehe wa msikiti wao alimkumbusha kwamba mwenye imani hutegemea Mungu. Daktari alisema naye anategemea Mungu, kama Shehe anavyomtegemea, ila tu angependa kujua kufuli mbili za mlango wa msikiti zinamtegemea nani. Mwalimu mmoja kutoka Ndera, rafiki yake wa miaka, alimwambia dukani kwangu kwamba bunduki moja huzaa kumi. Daktari akamshika mkono kwa haraka, akamsihi amwonyeshe hilo dume linalozipanda liko wapi, maana yeye ameomba miaka yote na hata ndama mmoja hajaona. Mwalimu alikuja kununua dawa ya kupe. Aliondoka akicheka, na dawa akaisahau mezani.

Mimi nilikuwa miongoni mwa waliocheka zaidi. Ilinichukua muda kuelewa kuwa mzaha wake haukuwa wa kuanzisha mazungumzo bali wa kuyamaliza. Mtu akishacheka, huona si adabu kuliuliza swali lake tena.

Sasa, mtu huyu huyu alikuwa mwoga wa damu. Angeingiza mkono mpaka begani ndani ya ng'ombe kumgeuza ndama, lakini mbuzi akichinjwa alikwenda nyuma ya nyumba kutazama anga. Mkewe, mama mwenye maneno machache na yote makali, alikuwa akisema mumewe ni simba anayefukuzwa na kuku. Zamani kijiji kilipokuwa na homgadi, mmoja wao alimpa bunduki aishike apigwe picha ya simu. Niliiona picha. Ameishikilia mbali na kifua, vidole vimenyooka, kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake naye mtoto amejikojolea. Nikamuuliza inakuwaje mtu anadai jambo asiloweza hata kulishika.

"Mimi ni mshabiki, Bwana Diploma," akasema. "Sikusema mimi ni mchezaji."

Sababu yake ya kuzitaka alinieleza mara moja tu. Ilikuwa mchana, mvua kubwa, mabati ya duka yanapiga kelele, wateja hakuna. Alisema siku kijiji chao kilipovamiwa alikuwa zizini anamtibu ng'ombe. Akakimbilia mtoni, akasimama kwenye matete maji yakiwa kidevuni, mkoba wa dawa kichwani, kwa sababu, alisema, alikuwa bado hajamaliza kuzilipia dawa zilizomo. Hapo nilitaka kucheka, nikaona hacheki. Akasema kutoka pale alisikia sauti za watu anaowajua, na alijua sauti ipi ni ya nani, mpaka moja baada ya nyingine zikanyamaza. Watu walikuwa wamepiga simu. Gari la askari lilifika jua limepanda, makaburi yameanza kuchimbwa.

"Walikuwa vijana wazuri," akasema. "Walitusaidia kuchimba."

Mvua ikapungua, akanywa chai yake, akaondoka. Tangu siku hiyo sikuweza kubishana naye.

Na bado rafiki yake mkubwa kuliko wote alikuwa mfugaji. Huyu alikuwa mzee mrefu wa Kiorma, mwenye ng'ombe wengi na masikio mabovu, ambaye Daktari alimtibia mifugo tangu wote wawili wana meno kamili. Walitukanana kwa namna ambayo mgeni angeita polisi. Mzee akimwona Daktari anakuja alisema mwizi wa ng'ombe amefika, funga zizi. Daktari alijibu kwamba kuiba ng'ombe wenye mbavu kama zile ni kujitafutia kazi ya kulisha. Kisha wakakaa asubuhi nzima na kibuyu cha maziwa, kila mmoja akimlalamikia mwenzake kuhusu watoto wake.

Siku moja nilikuwepo, nimekwenda na dawa za minyoo. Mzee alikuwa amesikia habari za Daktari na bunduki. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini hakikupotea njia.

"Bunduki hii wewe naomba," akamwambia, "mdomo yake naangalia wapi?"

"Inakuangalia wewe," Daktari akasema. "Lakini usiogope, ina macho mabovu kama masikio yako."

Mzee alicheka, akapiga goti lake. Halafu, akiwa bado na kicheko usoni, akasema basi amwambie huyo atakayeishika ajifunze mwendo wa ng'ombe wake. Daktari akasema atamwambia. Sijui kama alimwambia. Sidhani alilichukua kama agizo.

Barua niliiandika mimi. Barua zilizotangulia ziliandikwa kwa mkono kwenye karatasi za daftari, na nina hakika zilifungiwa karanga. Yangu niliipiga kwenye kompyuta yangu, kwa Kiingereza kilichonyooka, kurasa tatu, aya zimepewa nambari, na mwisho mahali pa sahihi za wazee. Nilieleza umbali wa kijiji kutoka kituo cha askari, hali ya barabara wakati wa mafuriko, na haki ya raia kulindwa. Afisa mmoja Hola aliuliza ni wakili gani ameiandika. Daktari alirudi kunipa habari hiyo akiwa amefurahi kuliko mimi, na mimi nilifurahi vya kutosha. Aliipeleka kwa mikono yake, akarudi Hola mara tatu kuulizia, na kila mara alilala kwenye benchi la jamaa yake akingoja ofisi zifunguliwe.

Bunduki zikaja. Chache, za zamani, lakini zilikuja, na vijana watano wa kijiji wakafunzwa kuzitumia. Siku ya kukabidhiwa, wale waliosema haziji walikuwa mbele kabisa wakipiga makofi. Daktari aliombwa aseme neno. Akazizunguka zile bunduki mezani, akainama, akauliza kama zimechanjwa, maana yeye haruhusu mgeni kuingia kijijini bila chanjo. Walicheka mpaka mkuu wa hafla akalazimika kungoja. Nami nilisimama pale nimevaa suti yangu, nikijua ni barua ya nani.

Sasa lazima nieleze habari ya kengele.

Katika kundi la ng'ombe kuna jike mmoja anayeongoza. Huyo huvishwa kengele ya mbao shingoni, na wengine huifuata sauti yake popote. Akiugua huyo, kuna shida. Ukimpeleka kwa daktari kengele ikilia, kundi zima litanyanyuka na kumfuata, na njiani kuna mashamba. Kwa hiyo miaka mingi Daktari aliwafundisha wafugaji kuijaza kengele nyasi, iwe bubu, kisha wamlete mgonjwa peke yake. Lilikuwa funzo zuri. Liliokoa mahindi mengi na ugomvi mwingi, na mimi mwenyewe, na stashahada yangu, nililiiga na kuwafundisha wengine.

Lakini mwizi wa ng'ombe naye huijaza kengele nyasi. Hilo kila mtu wa hapa analijua tangu utotoni. Ukisikia kwato za ng'ombe bila kengele kabla ya jua, si mwenye ng'ombe huyo. Sote tuliyajua mambo haya mawili, kila moja likiwa mahali pake. Hakuna aliyewahi kuyaweka pamoja, kwa sababu kabla ya hapo hapakuwa na mtu aliyesimama kwenye malka na bunduki.

Jike wa yule mzee wa Kiorma aliota jipu chini ya taya. Mzee alipiga simu. Daktari alikuwa na safari ya Garsen asubuhi ile, akamwambia amlete mapema, kabla hajaondoka. Akamkumbusha ile kengele. Mzee akamjibu kwamba yeye si mtoto, nyasi anazijua. Alitoka kwake gizani ili jike atembee kwenye ubaridi, na alifika kwenye malka wakati mtu anaona umbo lakini haoni sura. Homgadi wa zamu alikuwa kijana mkulima, ameoa mwaka huo. Alisikia kwato, hakusikia kengele. Anasema aliita mara mbili, nami namwamini. Nimeshasema masikio ya mzee yalikuwaje.

Alipiga risasi moja.

Daktari alikuwa macho, anachemsha sindano jikoni akimngoja rafiki yake. Haya nilielezwa na mkewe, kwa kuwa yeye hakuyasema kamwe. Mlio uliposikika, aliinua uso kutoka kwenye sufuria na kusema, "Alhamdulillahi. Leo wamewahi."

Jike alifika mwenyewe mpaka mlangoni kwa Daktari, kwa kuwa njia aliijua. Hapo ndipo Daktari alipoelewa.

Kwa siku kadhaa watu walilala na viatu. Akina mama na watoto wa kijiji walivushwa huku Garsen, na wengine walilala kwenye veranda ya duka langu. Bunduki zilikusanywa tena, kijana yule akachukuliwa, na kesi yake mpaka leo bado inatajwa na kuahirishwa. Wazee wa pande zote mbili walikutana katika darasa la shule, wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika vifuani. Mimi nilikuwepo nyuma, karibu na dirisha.

Mzee wa upande wa wafugaji hakupandisha sauti. Aliuliza ni nani aliyemwambia marehemu aijaze kengele nyasi. Daktari akainua mkono. Mzee akauliza tena, na bunduki hii, ni nani aliyeiomba. Daktari alikuwa bado hajaushusha mkono. Akauacha pale pale juu.

Nami niliyeiandika barua, kurasa tatu, aya zenye nambari, mkono wangu ulibaki gotini. Nimeyatangaza mengi niliyoyafanya maishani. Hilo nalitangaza leo kwa mara ya kwanza.

Wazee walikubaliana damu ipozwe kwa dia, yaani ng'ombe wa kufidia uhai, na isipozwe kwa damu nyingine. Hilo peke yake lilikuwa jambo kubwa, na nchi ilitulia. Kijiji kizima kilipaswa kuchanga. Daktari alisema fungu lake liwe kubwa kuliko la mtu yeyote. Walimkatalia, akasisitiza mpaka wakachoka. Lakini mtu aliyetibu ng'ombe maisha yake yote alikuwa na ng'ombe mmoja tu na ndama wake. Ikabidi akope. Alikopa kwa shemeji yake wa Wema, akakopa kwa yule mwalimu wa Ndera, akakopa kwa mama mmoja wa Kiorma anayeuza maziwa hapa Garsen, na akaja kwangu.

Nilikuwa na mtamba mzuri, nikamwambia amchukue, namgawia. Akakataa kabisa.

"Ukinigawia, dia itakuwa yako," akasema. "Nikopeshe."

Basi nikamkopesha. Sijui hata kama nililala vibaya siku hiyo. Nakumbuka tu nilijiona mtu mkarimu.

Miaka iliyofuata alifanya kazi kama punda wa kisima. Alichanja, alihasi, alizalisha, na malipo akayataka kwa ndama. Aliuza mashine ya kushonea ya mkewe, kwa ruhusa yake, na mkewe hakulisema tena neno la simba na kuku. Mizaha haikumtoka yote. Aliendelea kunitania kuhusu friji yangu na tumbo langu. Ila habari ya bunduki hakuna aliyemuuliza tena, na yeye hakuitaja.

Kila mwezi alikwenda nyikani kwa watoto wa marehemu kuwatibia mifugo bila malipo. Mwanzo walimwacha asimame nje ya zizi. Halafu wakamwacha aingie. Aliwaeleza kuwa wale ng'ombe alioleta ni wa kuazima, na mpaka atakapowalipa wenyewe, dia yake haijatimia, kwa hiyo wasimfukuze, bado yumo kazini. Walilikubali hilo. Nilimwambia kuwa kisheria na kidini alishamaliza siku alipowakabidhi. Akasema hajaniuliza.

Aliwalipa mmoja mmoja. Shemeji kwanza, kisha mama wa maziwa, kisha mwalimu. Mimi nilikuwa wa mwisho, labda kwa kuwa alijua sina shida.

Alikuja mwaka huu, mvua zimekatika, asubuhi ya siku ya soko. Alikuwa anavuta mtamba mweupe mwenye masikio mekundu, mnene kuliko yule niliyemkopesha. Amekonda, koti limemzidi. Wateja walikuwa kwenye benchi nje, na mmoja wao, mwendesha bodaboda mwenye mdomo, ambaye aliwahi kufurahia vichekesho vya zamani, akamwona na kufurahi kwa dhati.

"Daktari! Bado wewe ni mshabiki wa bunduki ama umehama timu?"

Watu wakageuka kumwangalia. Mmoja alikuwa tayari ameanza kucheka, kwa mazoea. Daktari hakukasirika. Alisimama na kamba mkononi akilifikiria swali, kama mtu aliyeulizwa njia.

"Bado nazitaka," akasema. "Wakija leo, nitatamani ziwepo. Na zikiwepo, tumeshaona zinampata nani."

Wakamngoja amalizie, maana maneno yake siku zote yalikuwa na mkia. Hakuwa na mkia wa kuongeza. Yule aliyeanza kucheka akajifanya anakohoa. Mwendesha bodaboda akawasha pikipiki yake na kuondoka bila abiria.

Nikamkaribisha ndani, nikampa kiti, nikamtilia chai. Nilisema mtamba ni mzuri mno, amezidisha. Akasema ng'ombe hukua, na deni nalo hukua. Ndipo nikamwambia lile la barua, kwamba siku ile darasani nilipaswa kusimama.

"Ungesimama ungenisaidia nini, Bwana Diploma? Mkono wangu ulikuwa umeshatosha."

Sijui kama alinisamehe au alinifukuza. Akanywa chai yake, akatoka, akafungua kamba shingoni mwa mtamba, akaikunja kwenye kiwiko na kuitia mfukoni. Nikamwambia sasa hadaiwi na mtu yeyote. Nilidhani nampa pongezi. Mtu asiyedaiwa mimi namhesabu kuwa mtu kamili, ndivyo nilivyojijenga.

"Kweli," akasema. "Jana nilikwenda kwa watoto wa marehemu kuwaambia kwamba leo namalizia. Yule mkubwa akasema, basi, mzee, umemaliza. Usijisumbue kuja tena."

Nikamuuliza kama kijana aliyasema hayo kwa hasira.

"Hapana. Ana adabu kama babake. Alinitolea maziwa." Akalifunga vifungo koti lake, kimoja kimoja, ingawa jua lilikuwa kali. "Kigoda hakutoa. Nikayanywa nimesimama."